Likitokea Lipi Utakubali Sivyo?

Mada ilikuwa ile ambayo karibu kila aliyesoma sekondari Tanzania amewahi kuitetea au kuipinga: mwalimu ni bora kuliko daktari. Ijumaa mchana madawati yalisukumwa ukutani, meza ya mwenyekiti na katibu ikawekwa mbele, mtunza muda akakabidhiwa kengele. Msemaji wa kwanza wa upande wa watetezi alitumia karibu nusu ya dakika zake kwa salamu, kuanzia mheshimiwa mwenyekiti hadi "wapinzani wangu waliopotea njia", kisha akaiachia hoja yake: "Bila mwalimu, huyo daktari angetoka wapi?" Bwalo likalipuka. Watu waligonga madawati mpaka vumbi likatimka. Wapinzani nao wakainuka: "Na mwalimu akiugua, anakwenda kutibiwa na mwalimu mwenzake?" Kelele zikazidi zile za mwanzo.

Mwalimu wetu wa historia, ambaye ndiye alikuwa mlezi wa midahalo, alingoja bwalo litulie, akachukua chaki. Juu ya ubao aliandika, "Hakuna daktari bila mwalimu." Chini akaandika, "Kwa hiyo mwalimu ni bora." Katikati alichora mstari mtupu, akauliza nani anaweza kuujaza ili sentensi ya juu itufikishe kwenye ile ya chini. Tulikaa kimya kwa muda. Hatimaye binti mmoja wa kidato cha pili alisema kwa sauti ndogo, "Kinachotangulia ni bora kuliko kinachofuata." Mwalimu aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, akageuka. "Kama hili ni kweli, basi mama aliyemzaa mwalimu ni bora kuliko mwalimu, mkunga aliyemzalisha ni bora kuliko huyo mama, na mkulima aliyewalisha wote ni bora kuliko mkunga. Mnataka tuishie wapi? Kwenye mvua?" Akaichukua na hoja ya wapinzani. Nayo ilikuwa na mstari wake mtupu: anayehitajiwa ndiye bora. Kumbe pande zote mbili zilikuwa zimeacha hatua katikati, na zote mbili zilikuwa zimeshangiliwa.

Baadaye, nilipoanza kusoma mambo ya mantiki, nilikuta kwamba Aristotle alikwisha kuliona hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Katika kitabu chake juu ya ufasaha anaeleza kwamba msemaji hodari hataji kila hatua ya hoja yake. Huacha ile ambayo wasikilizaji wanaweza kuijaza wenyewe. Hapo ndipo makofi yanapotokea. Msikilizaji anapoijaza nafasi ile, anahisi hoja ni yake, na mtu hapendi kukagua mali yake mwenyewe. Kitabu kingine cha Aristotle kinataja aina 13 za hoja potofu, na vitabu vingi vya leo vimeendeleza orodha hiyo mpaka imekuwa ndefu kupita kiasi. Mimi sikuishika orodha. Nilishika ule mstari wa chaki.

Mwaka 2011 nilikuwa Arusha, nikifanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stendi ya mabasi. Ni mwaka ambao Loliondo ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Huko, katika kijiji cha Samunge, wilayani Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Alisema ameelekezwa na Mungu ndotoni, na kwamba kikombe kile kinaponya magonjwa sugu: ukimwi, kisukari, saratani, shinikizo la damu. Kufikia Machi foleni ya magari ilikuwa imepita kilomita kumi. Watu walilala njiani, na baadhi ya wagonjwa mahututi walifia humo humo kwenye foleni. Mawaziri na wabunge walikunywa. Wakenya walivuka mpaka kwa mabasi. Mwishoni mwa mwezi huo Babu mwenyewe aliomba watu wasitishe safari kwanza, mpaka waliokwisha kufika wapungue. Alifariki Julai 2021, na wapo wanaomheshimu mpaka leo. Mimi naandika juu yetu sisi tuliobaki mjini, na namna tulivyokuwa tukishawishiana.

Dukani nilisikia hoja za kila namna, na iliyonigusa zaidi ilikuwa ya bei. "Angekuwa tapeli angetoza laki," watu walisema, na ni kweli hakutoza laki. Nilijaribu kuuchora mstari wa mwalimu kichwani: huyu hatafuti pesa, kwa hiyo anachosema ni sahihi. Katikati panahitaji sentensi isemayo kwamba mtu asiye na tamaa hawezi kukosea. Nani anaweza kuitia saini sentensi hiyo? Sisi sote tunawajua watu waadilifu, wacha Mungu, wasiodhulumu hata senti, waliokosea kwa moyo mweupe kabisa. Uaminifu wa msemaji hutuambia kwamba anaamini anachosema. Hautuambii zaidi ya hapo. Lakini katika jamii iliyoumizwa na matapeli kama yetu, ukishamwondolea mtu shaka ya utapeli unaona umemaliza kazi yote ya kuchunguza.

Hoja ya kwamba hata waziri amekunywa ilikuwa nyepesi zaidi. Waziri mwenye kisukari akisimama kwenye foleni, amesimama kama mgonjwa, ana hofu na matumaini kama mimi na wewe. Cheo chake hakimwongezei ujuzi wa kongosho.

Kisha ikaja taarifa ya wataalamu wa serikali, kwamba dawa ile imechunguzwa na ni salama kwa matumizi ya binadamu. Mchana huo huo niliisikia ikisimuliwa pale stendi: "Hata wataalamu wamethibitisha." Wamethibitisha nini? Kwamba haidhuru. Uji wa ulezi nao haudhuru. Kati ya "haidhuru" na "inaponya" kuna safari ndefu, na watu wenye akili timamu waliivuka bila kujua wamevuka, kwa sababu neno "wamethibitisha" lilikuwa limekwisha kuwabeba. Tangu hapo nimejifunza kulitilia shaka neno hilo kila ninapolikuta halina kitu mbele yake.

Iliyoniweka macho usiku ilikuwa hoja ya waliorudi. Kila siku walishuka watu kwenye magari, wengine wakaingia dukani kutoa nakala za vyeti vya hospitali, na waliokuwa na furaha ndio waliosimulia. Mzee mmoja alituonyesha namna anavyokunja goti. Tulimpigia makofi, na sidhani kama alidanganya. Lakini duka langu lilikuwa mahali pa kuwasikia wenye la kusimulia. Aliyerudi vilevile alichukua gari lingine akaenda kwao kimya. Aliyefariki wiki tatu baadaye alizikwa kijijini, na nduguze hawakuwa na sababu ya kupita kwetu. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia kuhusu Diagoras, mtu aliyejulikana kwa kutoamini miungu. Alipofika kisiwa cha Samothrace, rafiki yake alimwonyesha picha nyingi zilizowekwa na mabaharia waliookoka dhoruba baada ya kuweka nadhiri. Huoni, akamwambia, jinsi miungu inavyowajali watu? Diagoras akajibu kwamba waliozama hawakuchorwa popote. Francis Bacon aliirudia habari hiyo mwaka 1620, na nadhani kila kizazi kina haja ya kuirudia, hasa sisi wa mwambao na maziwa makuu ambao tunajua bahari haimrudishi kila mtu.

Baada ya Loliondo kuvuma, vikombe vingine viliibuka mikoa mbalimbali. Kimoja kilikuwa karibu nasi. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, alikuwa na kisukari kwa miaka mingi na alikuwa akimeza vidonge vyake kila siku. Jumapili moja baada ya chakula tulikaa sebuleni kuzungumzia nauli yake. Mjomba alifungua kikao. Alieleza aliyoyasikia, akataja waliopona, akamgeukia dada yake na kumaliza: "Dada, lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, lakini siku ile niliisikia upya. Jambo likiwapo, methali imesema kweli. Lisipokuwapo, methali imesema kweli vilevile, kwa kuwa laja. Hakuna siku itakayofika ambapo mtu ataweza kusema, "Leo methali imekosea." Na mazungumzoni kazi yake ni kufunga mlango. Methali zetu ni hazina, nazipenda na ninazitumia, ila zilitungwa ziwe mwongozo wa jambo fulani kwa wakati fulani, ndiyo maana karibu kila moja ina mwenzake wa kuipinga. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini pia manahodha wengi chombo huenda mrama. Anayeitumia methali huwa amekwisha kuchagua upande, kisha anaazima sauti ya wahenga, na nani atabishana na wahenga mbele ya wakubwa wake?

Sikubishana. Nilimwambia, "Mjomba, mimi sipingi. Naomba tu tuelewane: Mama akinywa, tutajuaje kwamba amepona? Na tutajuaje kama bado?"

"Atajisikia mwenyewe," alisema Mjomba.

Mama Mkubwa ndiye aliyejibu. "Kujisikia najisikia vizuri hata leo, na sukari ninayo. Mashine ipo kabatini." Alikuwa akiamka na 11 au 12, wakati mtu asiye na kisukari huamka chini ya 7. Mwenye kikombe alikuwa akiwaambia watu kwamba dawa yake hukamilika kwa wiki moja. Basi tukapatana, na binti yake akayaandika kwenye daftari la kliniki: Mama anywe, aendelee na vidonge vile vile na chakula kile kile, asibadilishe kingine chochote, wiki ikiisha apime kabla ya chai. Ikishuka chini ya 7, tutakwenda kwa daktari kuzungumza habari ya kupunguza vidonge. Isiposhuka, kikombe hakijafanya kazi kwake. Mjomba alikubali. Tulichanga nauli, na mimi nilichanga kwa moyo mmoja, maana nilitaka apone.

Asubuhi ya kupima tulikuwa wote mezani. Alinawa mikono kwa maji ya uvuguvugu, akaikausha, akachoma pembeni mwa kidole cha pete, si kwenye ncha, kwa sababu nchani panauma zaidi. Tone la damu lilichukua muda kujikusanya. Alipokigusisha kijiti, mashine ikahesabu kurudi nyuma, ikaandika 12.4.

Mjomba akasema dawa bado inatembea mwilini. Kisha akasema pengine hakuinywa kwa imani kamili. Mama Mkubwa alilifuta lile tone kwa pamba, akamwambia kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, hayo hukuyasema Jumapili."

Sijawahi kusikia somo la mantiki lililofupishwa vizuri kuliko hilo. Sababu zilizozaliwa baada ya matokeo zina kazi moja tu, kulinda dai lisiguswe. Dawa ikiponya, sifa ni ya dawa; isipoponya, lawama ni ya mgonjwa. Kwa mpango huo hakuna dawa duniani itakayoshindwa, hata maji ya bomba.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa ametufikisha hapo siku nyingi kabla, tulipokuwa tukisoma Vita vya Majimaji. Kinjikitile Ngwale alikuwa Ngarambe, na habari ya maji yake, kwamba yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji, ilienea kusini kwa kasi ya ajabu, ikawaunganisha watu wa makabila mengi ambao hapo kabla hawakuwa na jeshi moja. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905. Mwishoni mwa mwezi huo huo wapiganaji walilivamia boma la Mahenge wakakatwa kwa bunduki za rashasha. Waliobaki walielezwa kwamba waliokufa walivunja miiko. Vita viliendelea hadi 1907, na kwa makadirio ya baadhi ya wanahistoria waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, wanafikia 300,000. Mwalimu alitukataza kabisa kuwacheka. Watu wale walikuwa na haki ya kupigana, alisema, na imani ile iliwapa umoja ambao silaha zao zisingewapa. Kisha akauliza swali ambalo sikulisahau: "Kabla ya kwenda Mahenge, ni kitu gani kingetokea ambacho kingewafanya viongozi waseme, haya maji siyo?" Hatukuweza kukitaja, kwa kuwa kwa kila atakayeanguka jibu lilikuwa limekwisha kuandaliwa.

Swali hilo lina ukoo mkubwa. Mwaka 1919 kijana wa Vienna aitwaye Karl Popper aliona tofauti iliyomshangaza. Einstein alikuwa ametamka mapema kiasi gani mwanga wa nyota utapinda ukipita karibu na jua. Kupatwa kwa jua kwa Mei mwaka huo kungeweza kumwumbua mbele ya dunia nzima. Wakati huo huo palikuwa na nadharia za tabia za binadamu ambazo ziliweza kueleza tendo lolote na kinyume chake kwa urahisi ule ule. Popper alikuja kushikilia kwamba dai linalokubaliana na kila kitakachotokea halijatuambia kitu. Nilipomsoma nilimwona Mjomba, na nilimwona Mama Mkubwa na pamba yake.

Ninachoongeza juu ya Popper ni jambo la adabu, na kwangu ni zito kama mantiki yenyewe. Kwetu, kumuuliza mkubwa baada ya mambo kuharibika ni kumwaibisha. Atajitetea, na ana haki ya kujitetea, kwa kuwa hapo kinachopimwa ni heshima yake. Swali lile lile likiulizwa kabla ya safari, linakuwa sehemu ya maandalizi, kama kuuliza tutabeba maji kiasi gani. Mjomba hakuona nimempinga siku ile ya Jumapili, na ndiyo maana alikubali masharti. Vijana wengi waliojifunza hoja potofu na majina yake huzitumia kama fimbo. Baba anasema jambo, mtoto anamwambia, "Hapo unamshambulia mtu badala ya hoja." Anaweza kuwa sahihi, lakini ameshinda nini? Baba atanyamaza, na atabaki na imani yake.

Na kuna kosa jingine la wanaopenda majina hayo: kuona kwamba hoja ikiwa mbovu, basi na jambo lenyewe ni la uongo. Mwalimu anaweza kweli kuwa bora kuliko daktari, ingawa hoja ya Ijumaa ile haikuonyesha. Mti unaweza kweli kutibu. Artemisinin, iliyo ndani ya dawa mseto tunazomeza kwa malaria, inatokana na mmea uliotajwa katika maandishi ya tiba ya China ya kale, na Tu Youyou aliyeongoza kazi ya kuigundua alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa dawa hiyo kwanza wao wenyewe. Walijua vizuri walichokuwa wakikitafuta kwa kunywa: kuona kama inadhuru. Ili kujua kama inatibu, ilibidi waende kwa wagonjwa wa malaria, wawape, na kuangalia damu zao. Hawakuruka kutoka "haidhuru" kwenda "inaponya". Anayedharau miti shamba yote kwa sababu ya vikombe vya 2011 naye anaruka hatua ile ile, ila anaelekea upande mwingine.

Mama Mkubwa bado yuko, na vidonge vimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Mwaka juzi nilikuwa kwake alipokuja kijana nadhifu mwenye mkoba wa makopo ya unga wa lishe, akamwamkia kwa heshima, akaketi, akafungua simu kuonyesha picha za watu waliotumia na sukari zao zikashuka. Picha zilikuwa nyingi, na kijana alizieleza vizuri, moja baada ya nyingine. Mama Mkubwa alizitazama zote, hakuharakisha.

"Hawa nimewaona, mwanangu," alisema. "Na waliotumia wakabaki vilevile, ni wangapi?"

Kijana alifikiri. Nadhani ndiyo maana nilimpenda, kwa sababu hakutunga. Alisema hajawahi kuulizwa hilo, na kwamba ofisini kwao anayeacha kununua huondolewa tu kwenye orodha. Hakuna anayempigia kumwuliza kwa nini.